Mkubwa wa Ardhi ya Skimu

Siku moja, mwanangu, imenikaa kichwani kuliko siku zangu zote, na wewe unajua mimi nasahau. Juzi nilikuita kwa majina ya wajomba zako wote kabla sijalipata lako. Lakini hiyo siku naiona mpaka leo. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya stoo ya mzungu, na sisi watu wazima, wenye nguvu zetu, wenye majembe na mbegu, tulikuwa tumekaa chini humo ndani tukitazamana. Nje udongo ulikuwa umelainika vizuri kabisa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amethubutu kutia mbegu ardhini.

Kaa vizuri nikueleze. Ukipita leo katika mji wetu huu, ukaona kinu cha kusagia mahindi, maduka, vijana wa bodaboda na malori ya miwa yakichafua barabara, utadhani mji ulikuwa hapa tangu vilima vya Nandi vilipoumbwa. Haukuwepo. Mimi niliukuta ukiwa majani na visiki.

Nilikuwa nimeolewa Usenge, kwa Odhiambo, babu yako. Yeye alikuwa mtoto wa tatu kwao. Mwaka ule ziwa lilipanda likakataa kurudi. Likachukua kwanza mahali tulipokuwa tunaanika omena, dagaa wetu, halafu jiko langu, halafu tukaamka tukakuta maji chini ya kitanda. Ardhi iliyobaki juu ilikuwa ndogo, na ilikuwa ya kaka mkubwa, Owino, kama ilivyo desturi. Ndipo chifu akatangaza barazani kwamba kuna shamba la mzungu aliyeondoka, mbele ya Kisumu, chini ya vilima, na serikali itawagawia watu wasio na mahali, mpango waliouita Skimu. Babu yako akanitazama. Nikamwambia hata akisema twende mwezini nitafunga mizigo, bora nilale pakavu.

Tulipanda lori, tukapita Kisian, tukapita Kisumu mjini, na ziwa likabaki nyuma. Mimi nilizaliwa Asembo, nikaolewa Usenge, kwa hiyo tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kuona ardhi isiyoishia majini. Lori liliposimama nikashuka, nikashika mdomo. Tambarare ilikwenda mpaka vilimani bila kukatika, na kivuli cha wingu kilikuwa kinatembea juu yake taratibu. Nilisikia kama nimeingia nyumba ya mtu mkubwa bila kubisha hodi. Sikuongea mpaka jioni, na babu yako akadhani ninaumwa.

Watu walikuwa wametoka kila upande. Wengi tulikuwa Wajaluo wa kando ya ziwa, lakini hatukuwa ukoo mmoja wala hatukujuana. Ng'ambo ya kijito alipewa ploti Mzee Koech, mtu wa vilimani, ambaye alikuwa na ng'ombe wa kulimia na cheko la kusikika mbali. Na palikuwa na Bwana Salim, Mwislamu wa Kisumu mjini, baba yake mtu wa pwani na mama yake wa huku kwetu. Salim alikuwa ameuza vitambaa maisha yake yote. Alikuja na mkewe Amina, mja mzito, na jembe jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi ya dukani. Kwa kuwa nyumba hazijajengwa, sote tulilala katika stoo ile ya mawe, tukagawa vyumba kwa mikeka na leso. Ukikohoa, jirani anakuambia pole.

Ploti ziligawanywa kwa kura. Unatia mkono katika kofia ya afisa, unatoa namba yako. Yetu iliangukia kando ya kijito. Tukang'oa visiki vya miwa ya zamani mpaka viganja vikachanika. Udongo wa huku ni mweusi na unanata. Ukiinua jembe unainua na nusu ya shamba. Koech akatukodishia ng'ombe wake kwa kazi, sisi tunamng'olea visiki naye anatulimia. Kabla mawingu hayajaanza kukaa juu ya vilima, mashamba yote yalikuwa tayari. Kisha mvua ikaja.

Koech akapanda siku hiyohiyo. Sisi Wajaluo tukakaa.

Kwetu, mwanangu, mtu hapandi tu kwa sababu mvua imekuja. Anayefungua upanzi ni mkubwa. Kaka mkubwa na mkewe wakishatia mbegu, ndipo wa pili, ndipo wa tatu. Mdogo akimtangulia mkubwa wake, anaingiza chira nyumbani, ule ugonjwa wa kukonda usiosikia dawa, na wanaokonda mara nyingi ni watoto. Mama mkwe wangu, siku ya kuagana, hakuniambia mpende mumeo. Aliniambia nisije nikatia mbegu ardhini kabla ya wakubwa wangu. Basi tukangoja mkubwa apande.

Tulimtazama Mzee Oloo, maana ndiye aliyekuwa na mvi nyingi kuliko wote. Asubuhi mpaka jioni tunachungulia shamba lake. Hapandi. Mwishowe wanaume wakamwendea kwa heshima wakamuuliza, Mzee, mbona unatuchelewesha?

"Mimi ni kitinda mimba kwa mama yangu," akasema. "Kaka yangu yuko hai, haoni lakini yuko hai. Mimi sijawahi fungua upanzi hata siku moja. Nilikuwa nangoja nyinyi."

Wakaanza kuulizana. Wewe je? Mimi wa nne. Na wewe? Mimi mama yangu aliolewa wa pili. Wakazunguka stoo nzima, na ndipo jambo likatufungukia. Hapakuwa na mzaliwa wa kwanza hata mmoja. Na angetoka wapi? Mzaliwa wa kwanza hubaki na ardhi ya baba. Waliokuja Skimu ni wale waliokosa. Tulikuwa mji mzima wa wadogo wa watu.

Mimi nilitaka kucheka, kisha nikaona uso wa babu yako, nikaacha. Kesho yake akapanda gari akaenda Usenge kumwomba kaka yake atufungulie. Akarudi amelowa na amenyong'onyea. Owino hakumkatalia kwa ubaya. Alimwambia: "Mimi nilifungua hapa kwangu. Huko kwenu ni ardhi ingine, sijui ni ya nani. Tafuteni mkubwa wa huko."

Na wakati huo bwana shamba akapita na pikipiki yake, akasimama juu ya barabara bila hata kuzima injini. Akasema akirudi akute ploti haijapandwa, hiyo ploti anapewa mwingine, kwa sababu watu wanaongoja ni wengi. Akaenda zake. Mwanangu, mimi sikuwa na pa kurudi. Nyumbani kwangu Usenge walikuwa wanakaa samaki. Mbegu zetu zilikuwa katika gunia kando ya kitanda, na nilipotia mkono ndani nikakuta punje zimeanza kupata joto, karibu kuoza. Nililia pale peke yangu, nikajifuta na leso, nikaenda kupika.

Salim naye alikuwa hajapanda, na yeye hana habari ya chira. Koech akamuuliza sababu. Akajibu kwa adabu kwamba yeye si mkulima, anawatazama majirani, na kwa kuwa majirani wote hawapandi, bila shaka kuna jambo wanalijua kuhusu mvua hii. Koech alicheka mpaka akashika mti.

Katika siku hizo za kungoja ndipo Amina alijifungua. Alijifungulia palepale stoo, nyuma ya pazia la leso, mikononi mwa Mama Akumu, mkunga wetu, mama mmoja mfupi wa maneno machache aliyekuwa anavuta tumbaku yake kwa siri iliyojulikana na watu wote. Mtoto alikuwa wa kike. Wakamwita Zuhura.

Sasa turudi siku ile ya mvua. Tumekaa stoo, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na mazungumzo yanazunguka palepale. Mimi nikashindwa kuvumilia. Nikasimama mbele ya wazee na wageni nikasema kwamba mahindi ya Koech yameshatoka, watoto wake hawajakonda, na kama wanaume wanaogopa waseme, sisi wanawake tutapanda. Nilisema hivyo, kwa mdomo huuhuu.

Babu yako akainamisha kichwa. Mzee Oloo hakupandisha sauti.

"Nyar Asembo," akaniita, yaani binti wa Asembo, maana huku mke huitwa kwa jina la kwao, "keti kwanza. Tuseme bwana yako apande leo kwa kukulazimisha. Jani likiwa njano, atasema ni chira. Mtoto wako akikohoa, atasema ni chira, na atakuangalia wewe. Hata kupalilia hatapalilia. Unataka mukae hivyo miaka yote?"

Niliketi. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba huyu mzee hakuwa mjinga na wala hakuwa mkaidi. Alikuwa anatafuta njia ambayo babu yako angeweza kupita na moyo wake mzima, na alikuwa hajaiona.

Ndipo Mama Akumu akaongea kutoka pembeni, bila kuinuka.

"Munatafuta mkubwa wa hii ardhi," akasema. "Mimi nilizika kondo la nyuma la huyu mtoto hapo nyuma ya stoo, kando ya jiwe. Kuna mwingine hapa kondo lake liko kwa hii udongo? Mimi langu liko Sakwa. Mzee, lako liko wapi?"

Mzee Oloo akageuza uso upande wa ziwa. Wewe, mwanangu, umezaliwa hospitali, pengine hili halikuambii kitu. Kwetu, mahali lilipozikwa kondo lako ndipo kwenu. Hata watu wakigombania ardhi, huo ndio ushahidi. Nilitazama ile leso iliyoning'inia. Nyuma yake alikuwa amelala mwenye ardhi, na sisi sote tulikuwa wageni wake.

Mwanaume mmoja akanung'unika kwamba ni msichana, ataolewa, ataondoka.

"Na sisi?" Mzee Oloo akamuuliza. "Sisi si tumetoka kwa baba zetu na mizigo kichwani? Hapa wote tumeolewa, bwana."

Watu wakacheka, na baada ya kicheko hicho hakuna aliyebisha tena. Wakamgeukia Salim. Alikuwa anasikiliza kwa makini sana, kama mtu anayepimiwa kitambaa. Akaelezwa yote, na akakubali kwa furaha, kisha uso ukabadilika.

"Lakini mtoto hajatimiza arobaini," akasema. "Kwetu mzazi na mtoto hawatoki nje mpaka arobaini iishe. Mimi desturi yenu nimeiheshimu, wazee. Na hii yangu naomba muniheshimie."

Basi hapo, mwanangu, ndipo niliposikia mvua kweli. Desturi moja ilikuwa imetufunga, na tulipopata pa kutokea tukakuta desturi nyingine imesimama mlangoni. Arobaini ikiisha mvua nayo itakuwa imeisha. Na hakuna aliyemlaumu Salim. Watu waliokataa kupanda kwa ajili ya chira wangemwambia nini? Babu yako akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Sauti ikatoka nyuma ya leso. Ilikuwa ya Amina, na ilikuwa ya uchovu.

"Kama mtoto hawezi kwenda shambani, si shamba linaweza kuja?"

Mzee Oloo alikuwa wa kwanza kuinuka. Alitoka kwenye mvua bila kofia, akarudi na konzi ya udongo wa shamba lake, akasimama katikati hajui pa kuuweka. Mama Akumu akaleta karai alilokuwa anaogeshea mtoto. Udongo ukaingia humo. Babu yako akakimbia, na wengine wakakimbia, wanaume wazima wakiteleza matopeni kama watoto waliofunguliwa shule. Wa juu walileta mweusi mtupu, sisi wa kijito tukaleta mweusi uliochanganyika na mchanga. Salim mwenyewe alileta wake, amekunja kanzu yake mpaka magotini. Na Koech, aliposikia, akavuka kijito na konzi ya udongo mwekundu. Akaambiwa, wewe si ulishapanda?

"Nilishapanda," akasema, "lakini sitaki yangu ndiyo ikose humo."

Pazia likafunguliwa kidogo. Amina alikuwa amejitanda leso kichwani, na mtoto mapajani, mdogo hivi. Karai likawekwa chini ya mkono wake. Mama Akumu akaweka punje za mahindi katika kile kiganja, na Salim akasema bismillahi. Mtoto akazifumbata.

Akazifumbata asiachie. Unajua watoto wachanga walivyo, ukiwapa kidole wanakishika utadhani wamekipigania. Tukangoja. Mtu mmoja akataka kumfungua vidole, na Mzee Oloo akamzuia, akasema anayefungua upanzi haharakishwi. Tukaendelea kungoja, watu wazima tumepiga magoti na matope yanatuchuruzika, macho yote kwenye ngumi moja isiyozidi ukubwa wa limau. Sijui kueleza nilichosikia pale. Nimeingia makanisani, nimesimama mbele ya maaskofu, sijawahi tena kupata ule uzito kifuani. Niliona kwamba kila kitu nilichokuwa nacho duniani kilikuwa ndani ya mkono ule, naye hana habari. Kisha akapiga miayo, akalala. Vidole vikalegea vyenyewe, na punje zikaanguka karaini moja baada ya nyingine.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mzee Oloo alikuwa analia waziwazi. Kila nyumba ikachota konzi ya udongo ule uliochanganyika, ikaenda nao shambani kwake. Mimi nilitia wetu katika shimo la kwanza, nikaweka mbegu juu yake, nikafunika kwa mguu. Niliponyoosha mgongo nikaona tambarare nzima watu wameinama. Babu yako alikuwa mbele yangu akichimba mashimo, na mkono wake haukutetemeka.

Bwana shamba aliporudi, safari hii alizima injini. Kijani kilikuwa kimeenea kutoka barabarani mpaka vilimani. Akauliza tumepanda lini vyote kwa pamoja namna hii, na Koech akamwambia tulikuwa tunangoja mkubwa aamke.

Tangu hapo, kila mwaka, Zuhura ndiye anayeanza. Aliolewa, kweli, lakini aliolewa na kijana wa hapahapa Skimu. Mahindi tukapunguza, miwa tukaongeza, nyumba zikawa za mawe, stoo ikawa kinu, na yeye anaanza.

Babu yako alipofariki, wewe ulikuwa shule ya bweni, hukuyaona mambo yote. Watoto wa Owino walikuja na gari kutoka Usenge kumchukua. Walisema mtu huzikwa kwao, kwenye ardhi ya baba yake, na kwa sheria ya kwetu hawakukosea. Mimi nilikuwa mjane wa siku chache, sina nguvu ya kubishana na wakwe. Mwili ungepelekwa huko, nami ningebaki huku na kaburi la mume wangu liko mbali. Kijana mkubwa wao akauliza, kwa heshima, mkubwa wa hapa ni nani, tuongee naye tumalize.

Watu wote uwanjani wakageuka upande mmoja. Zuhura akainuka kati ya akina mama, na mtandio wake na fimbo yake, maana naye magoti yameanza. Wale vijana walitazamana. Akawaambia maneno machache tu.

"Huyu ni wa hapa. Alikataa kupanda mpaka nipande mimi, na mimi nilikuwa sijui hata kukaa. Nitamwachiliaje?"

Yule kijana akavua kofia. Odhiambo akazikwa pale unapopaona, na konzi ya kwanza ya udongo ilitupwa na Zuhura.

Nakwambia haya, mwanangu, kwa sababu nasikia vijana siku hizi mkikaa dukani mnahesabiana nani ni wa hapa na nani alikuja, hasa kura zinapokaribia. Hapa sote tulikuja kwa lori. Usimwambie jirani yako kwao ni kwingine, maana udongo wa kwake uko shambani kwako na wako uko kwake, na hakuna wa kuutenganisha tena. Na ukikuta watu wamekwama kwa jambo wanaloliheshimu, usiwacheke na usiwasukume kama nilivyotaka kufanya mimi. Keti nao. Usikilize hata anayeongea nyuma ya pazia. Iko njia ambayo kila mtu anaweza kupita bila kuacha moyo wake nyuma, ila huipati ukiwa na haraka.

Sasa nenda, mvua imekaribia na kuni ziko nje. Mungu akupe majirani wa kukungoja, akupe na subira ya kuwangoja wao. Mbegu yako isipate joto guniani. Mikono yako isitetemeke wakati wa kupanda, na popote watakapokulaza siku ya mwisho, asikosekane mtu wa kuinuka aseme, huyu ni wa hapa.